Kupanda kilima mbio: namna ya kuanza na namna ya kupunguza uzito

Ndugu mtumikaji, fanya jaribio hili leo. Tafuta kilima karibu na nyumba yako, ukipande kwa miguu, mwendo wa haraka, muda wa dakika mbili, huku ukiongea na mwenzako. Kama maneno yamekatika kabla ya dakika ya kwanza kwisha, habari hii ni yako.

Zamani mtu alichimba kwa sururu na koleo. Leo wengi wetu tunashinda kwenye kiti cha lori kubwa au cha mashine, halafu basi linaturudisha nyumbani. Bukari ni ileile, lakini kazi ya mwili imepungua. Mafuta yanayojikusanya tumboni yanaalika tansio na ugonjwa wa sukari. Na ninyi mnaotumika chini ya udongo mna sababu moja zaidi: siku moshi unapojaa, au mashine ya kupandisha watu inaposimama, inabaki kutoka kwa ngazi au kwa njia ndefu inayopanda. Mtu akiishiwa pumzi katikati ya ngazi, anawazuia wote walio nyuma yake.

Kwa nini kilima? Kwa sababu kinafanyisha moyo, mapaja na mapafu kazi nyingi kwa muda mfupi, na mwendo wenyewe ni wa polepole; magoti hayapigwi sana kama kwenye mbio za tambarare. Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyepata kutumika katika kiwanda cha viatu, aliwazoeza vijana wake kwa mbio ndefu na kwa vilima. Tarehe 2 Septemba 1960, kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Roma, wawili kati yao, Peter Snell na Murray Halberg, walipata medali za dhahabu siku hiyohiyo. Wewe hutafuti medali, lakini kilima ni kilekile.

Kama umepita miaka 40, au una tansio, au sukari, au uzito mwingi, mwone kwanza munganga akupime. Usione haya.

Majuma mawili ya kwanza usikimbie hata kidogo. Tembea haraka dakika 20, mara tatu kwa juma, ukipitia kilimani. Kisha chagua kilima kisicho kikali sana. Tembea dakika 10 ili mwili upate moto, hasa asubuhi za Juni na Julai zenye baridi. Panda mbio ndogo kwa sekunde 30, hatua fupi, macho mbele, kifua wazi. Halafu shuka kwa kutembea. Nasema kutembea! Wengi wanajiumiza magoti wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Rudia mara nne, basi. Kila juma ongeza mara moja mpaka ufike nane, siku mbili kwa juma, zisizofuatana. Ukitoka kazi ya usiku, lala kwanza. Mama wa nyumbani naye afanye hivyohivyo. Wakienda wawili, hakuna anayebaki kitandani.

Sasa tuseme ukweli ambao wapenda mbio hawaupendi. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilometa moja ya tambarare anatumia karibu kalori 80. Chupa kubwa ya pombe, ile ya sentilita 72, ina karibu kalori 300. Hesabu mwenyewe: kupanda mara nane, pamoja na kutembea kote, hakufikii chupa moja. Basi anayeshuka kilimani na kwenda moja kwa moja kunywa na wenzake atapata pumzi nzuri, lakini mkanda wake hautapata tundu jipya. Punguza chupa, punguza sukari ya chai, punguza mafuta kwenye sombe, na bukari iwe ndogo kuliko mboga. Usijinyime chakula kabisa, maana mtumikaji mwenye njaa anasinzia kwenye mashine. Nusu kilo kwa juma inatosha.

Usikimbie kwenye rundo la mabaki ya mgodi wala kwenye barabara ya malori ya madini. Huko vumbi ni lingi, na ukihema kwa nguvu unalivuta mpaka ndani ya mapafu. Tena dereva hakuoni. Enda alfajiri, baada ya mwanga kutoka, na wakati wa jua kali kunywa maji kabla na baada.

Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanashuka mkononi au yanapanda kwenye taya, au kizunguzungu, simama papo hapo. Kaa chini, mwambie mwenzako, mpelekwe hospitali saa ileile. Usiseme ni hewa tumboni, usingoje kesho.