Akaunti ya Karata za Simu: Tuikadirie kwa Bei Gani?

(Somo la redio kwa vikundi vya wasikilizaji vya Mbeya na Iringa, kama lilivyosomwa)

Ninyi mliokusanyika Uyole, Tukuyu, Mafinga na Kihesa, na wewe pia usikilizaye peke yako jikoni, karibuni katika somo letu la hesabu za maisha. Leo kila kikundi kiwe na kalamu na karatasi, maana tutazidisha na kujumlisha.

Somo letu lahusu mali isiyoshikika. Tuseme kijana amecheza mchezo wa karata katika simu yake kwa muda wa miaka mitatu. Karata nyingine amezinunua kwa fedha zake, nyingine amezipata kwa kushinda. Sasa ataka fedha taslimu, labda kwa ada ya chuo, na mtu mmoja amemwambia, "Niuzie akaunti yako, nitakupa laki mbili." Je, laki mbili ni nyingi au ni chache? Na huyo anunuaye, apata kitu gani hasa kwa fedha zake? Watu wengi hujibu maswali kama haya kwa kukisia, na mwenye kukisia aghalabu hupunjwa.

Kwanza yafaa tuuelewe mchezo wenyewe. Hizi si karata za kopa na shupaza tuzichezazo barazani. Ni karata za kukusanya. Zilianza Marekani mwaka 1993, wakati kampuni ya Wizards of the Coast ilipotoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mtaalamu wa hesabu, Richard Garfield. Mchezaji hununua pakiti iliyofungwa bila kujua kilichomo. Karata nyingi ni za kawaida, chache ni adimu. Katika zote alizo nazo huchagua zilizo bora, akaunda fungu la kushindania. Baadaye michezo ya namna hiyo ikaingia katika kompyuta na simu. Hearthstone ya kampuni ya Blizzard ilitoka mwaka 2014, Magic: The Gathering Arena ikatoka mwaka 2019, na Pokémon TCG Pocket mwaka 2024.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wapoteapo njia. Karata ya karatasi ukiinunua ni yako, kama jembe lilivyo lako. Mwezi Januari 2021 karata moja ya Magic iitwayo Black Lotus, iliyochapwa mwaka 1993, iliuzwa kwa mnada dola 511,100, wala muuzaji hakuhitaji ruhusa ya kampuni. Lakini karata ya simu haimo mfukoni mwako. Imo katika mitambo ya kampuni, nawe umepewa ruhusa ya kuitumia tu.

Walio na maduka watanielewa upesi nikitaja kilemba. Mtu ahamapo katika fremu yenye wateja wengi, pale Mwanjelwa au mahali pengine, humwomba aingiaye kilemba. Jengo si lake. Aliuzacho ni nafasi, na mazoea ya wateja kufika hapo. Mwenye jengo akimkataa mpangaji mpya, kilemba kimepotea. Soko likiungua, kama Soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006, hakuna wa kukudai kilemba chako. Akaunti ya karata ni kilemba cha namna hiyo, tena kibaya kuliko cha sokoni, kwa kuwa masharti ya Blizzard, ambayo kila mchezaji huyakubali kabla ya kuanza, yakataza kabisa kuuza akaunti. Kampuni ikigundua, yaweza kuifunga bila kumlipa mtu yeyote. Mimi simshauri mtu kuuza. Lakini hesabu ni lazima ijulikane, maana hata asiyeuza yampasa kujua fedha zake zimekwenda wapi kabla hajanunua pakiti nyingine.

Basi tushike kalamu. Nitatumia Hearthstone, kwa sababu mchezo huo wenyewe una mizani yake ya ndani. Karata zake zina madaraja manne. Mchezaji aweza kuivunja karata asiyoihitaji, akapata kitu kiitwacho vumbi. Kisha kwa vumbi hilo akatengeneza karata aitakayo. Andikeni: daraja la kwanza, yaani la chini, hutengenezwa kwa vumbi 40, lakini ukivunja wapata 5. Daraja la pili hutengenezwa kwa 100, ukivunja 20. La tatu 400, ukivunja 100. La nne 1,600, ukivunja 400.

(Kituo kidogo, vikundi viandike.)

Kijana wetu ana karata 12 za daraja la nne, 30 za daraja la tatu, 150 za la pili na 400 za la kwanza. Kuzitengeneza zote upya kungehitaji vumbi 19,200, na 12,000, na 15,000, na 16,000. Jumla 62,200. Akizivunja zote atapata 4,800, na 3,000, na 3,000, na 2,000. Jumla 12,800. Yaani mchezo wenyewe wamwambia kwamba mali yake ikivunjwa hurudisha sehemu moja tu katika tano, au zaidi kidogo. Muuzaji hupenda kutaja hesabu ya kwanza. Mnunuzi mjanja hutaja ya pili. Wote wawili wakosa, maana hakuna anayenunua akaunti ili aivunje, wala hakuna anayehitaji karata zote 592.

Waulizeni wenzetu wa Mufindi wanunuao miti ya paini ikiwa bado shambani. Je, huhesabu mashina tu? Hasha. Hutazama unene, huuliza miti mingapi itatoa mbao, na kama gari laweza kufika. Shamba la miti 1,000 myembamba kando ya bonde lisilopitika laweza kuuzwa chini ya shamba la miti 400 mizuri iliyo kando ya barabara. Akaunti nayo hupimwa vivyo hivyo. Twauliza: ni mafungu mangapi yaliyokamilika, yawezayo kushinda leo? Na mchezaji mpya angetumia kiasi gani kuyapata?

Fungu moja la Hearthstone lina karata 30. Tuseme kijana wetu ana mafungu mawili mazuri. La kwanza lina karata 3 za daraja la nne, 4 za la tatu, 14 za la pili na 9 za la kwanza. Zidisheni: 4,800, na 1,600, na 1,400, na 360. Jumla 8,160. La pili lina 1 ya daraja la nne, 2 za la tatu, 12 za la pili na 15 za la kwanza. Hilo ni 4,200. Yote mawili ni vumbi 12,360.

Lakini ngojeni. Tangu mwaka 2021 mchezo huu una karata za msingi ambazo kila mchezaji hupewa bure, wala hazivunjiki. Tuseme zile 24 za daraja la kwanza katika mafungu yetu ni za aina hiyo. Hakuna atakayelipia kitu apewacho bure. Tuondoe 960, tubaki na 11,400.

Sasa tugeuze vumbi kuwa shilingi. Pakiti moja ina karata tano. Pakiti mbaya kabisa yatoa karata nne za daraja la kwanza na moja la pili; ukizivunja ni vumbi 40. Nyingine hutoa zaidi. Chukueni pakiti 20 za mwisho mlizofungua, jumlisheni vumbi lake, gawanyeni kwa 20. Hiyo ndiyo wastani yenu, nayo ni bora kuliko maneno ya mtu. Tuseme wastani ni 100, na pakiti yauzwa shilingi 2,000. Bei hiyo ni ya mfano tu. Tazameni bei ya siku mfanyapo hesabu. Basi vumbi 11,400 ni pakiti 114, na pakiti 114 ni shilingi 228,000. Hiyo ndiyo gharama ya mtu mwingine kufika alipofika kijana wetu. Kama kijana ametumia laki sita, hizo laki sita hazimhusu mnunuzi hata kidogo. Najua jambo hili huuma.

Tena 228,000 si bei bado, ni mahali pa kuanzia kupunguza. Viazi vya Uporoto vikiwa vizuri leo, mwezi ujao si vizuri, na karata nazo huoza kwa njia yao. Kila mwaka, karibu na mwezi Machi au Aprili, Hearthstone huondoa karata za zamani katika mashindano yake ya kawaida. Hazifutwi, lakini huhamia upande mwingine wenye wachezaji wachache. Akaunti iuzwayo mwezi Februari, yenye mafungu ya karata zitakazoondolewa mwezi ujao, ni viazi vilivyoanza kuchipua. Pia kampuni yaweza kuipunguzia nguvu karata fulani. Hapo hufanya uungwana, maana kwa muda mfupi yakuruhusu kuivunja na kurudishiwa vumbi lote.

Kuna na hatari iliyo kubwa kuliko hizo, nayo ni mchezo wenyewe kufungwa. Mwezi Novemba 2018 kampuni ya Valve ilitoa mchezo wa karata uitwao Artifact. Huko kuuziana karata kuliruhusiwa kabisa, katika soko la kampuni yenyewe. Karata moja iitwayo Axe iliuzwa zaidi ya dola 20 siku za mwanzo. Wachezaji wakapungua upesi, bei zikaanguka, na mwezi Machi 2021 Valve ikatangaza kuacha kuuendeleza, ikaufanya wa bure na kumpa kila mchezaji karata zote. Huko China, mkataba kati ya Blizzard na kampuni ya NetEase ulipokwisha, Hearthstone ilizimwa tarehe 23 Januari 2023, ikarudi Septemba 2024. Kwa miezi 20 mwenye akaunti huko hakuweza kucheza hata mara moja.

Ongezeni na hatari ya muuzaji mwenyewe. Aliyeifungua akaunti ndiye ajuaye barua pepe ya kwanza na risiti za manunuzi. Aweza kuiuza leo, na baada ya mwezi akaiambia kampuni kwamba ameibiwa, akarudishiwa. Mnunuzi atamshtaki wapi, naye amenunua kitu kilichokatazwa kuuzwa?

Kwa sababu hizo tukadirie kwamba katika akaunti tatu zinazouzwa hivi, moja itapotea mikononi mwa mnunuzi. Ni kadirio la mfano. Aliye mwoga zaidi akate zaidi. Theluthi mbili za 228,000 ni 152,000. Mnunuzi mwenye akili hatavuka hapo.

Sasa turudi kwenye ile laki mbili. Imezidi hesabu yetu kwa shilingi 48,000. Kijana atafurahi, lakini mimi ningeuliza: mtu huyu alipia nini hasa? Huenda hajui hesabu. Huenda pia hataki karata. Akisema, "Nipe na barua pepe yako pamoja na ile laini ya simu," basi ameomba mlango wa nyumba. Barua pepe hiyo yaweza kufungua mambo yako mengine mengi. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, kama inavyofanyika nchini tangu mwaka 2019. Kosa likitendwa kwa laini hiyo, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Hiyo haina bei katika hesabu yetu, na kijana asiitoe kwa laki mbili wala kwa laki tano.

Zoezi la vikundi. Dada mmoja wa Iringa ana fungu moja lenye karata 2 za daraja la nne, 6 za la tatu, 10 za la pili na 12 za la kwanza, hizi 12 zote zikiwa za bure. Moja ya karata zake za daraja la nne itaondolewa katika mashindano ya kawaida mwezi ujao. Ihesabuni kwa nusu. Wastani wa pakiti zake ni vumbi 95, pakiti ni shilingi 2,000. Kila kikundi kijadili kwanza kikate sehemu gani kwa ajili ya hatari, kiandike na sababu yake, kisha kitaje bei. Majibu tutayasoma juma lijalo, saa hii hii.