Darasa la Jioni na Cheti cha Mfanyakazi

Jua likishatua katika jiji la Dar es Salaam, yako madarasa ya namna mbili yanayowashwa taa. La kwanza ni la watoto waliokwisha kutoka shule mchana, ambao wazazi wao hawajarudi kazini, nao hupelekwa kwa mwalimu wa mtaani wakapate masomo ya ziada, au tuisheni kama tulivyozoea kusema. La pili ni la wazazi wenyewe: kuli wa bandarini, dereva, mlinzi, mama wa kiwandani Chang'ombe, waliomaliza darasa la saba miaka mingi iliyopita na sasa wanatafuta cheti cha kidato cha nne. Leo twayazungumza madarasa haya kwa pamoja, kwa sababu ada ya yote mawili hutoka katika mfuko mmoja, nao ni mfuko wa mfanyakazi.

Jambo hili si geni katika Chama chetu. Mwaka 1955, TANU ikiwa bado changa, wazazi wa Kiafrika waliunda chama chao cha TAPA, wakafungua shule kwa ajili ya watoto ambao serikali ya kikoloni haikuwapa nafasi. Umoja wa Wazazi wa leo ni mrithi wa kazi hiyo. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza Bungeni Mpango wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba elimu ya watoto itazaa matunda baada ya miaka mitano, kumi au hata ishirini, lakini elimu ya watu wazima matunda yake huonekana sasa hivi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taifa lililokuwa na watu wazima wasiojua kusoma asilimia 67 mwaka 1967 likafika chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Kazi hiyo haikufanywa na wageni. Ilifanywa na walimu wa kujitolea, chini ya miembe, katika ofisi za matawi na kwa redio, kama wanavyokumbuka wale walioshiriki kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973.

Lakini kisomo kile kilikuwa cha zama zake. Zama hizi zadai zaidi. Tangu tarehe 20 Mei 2004 utumishi wa Serikali umetaka kila anayeajiriwa awe amehitimu kidato cha nne. Wafanyakazi wengi hawakuutilia maanani utaratibu huo mpaka ulipofika uhakiki wa vyeti. Taarifa aliyokabidhiwa Rais John Magufuli mjini Dodoma tarehe 28 Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Na uhakiki huo haukuwaacha madereva, walinzi na wahudumu wa darasa la saba walioajiriwa baada ya siku ile ya mwaka 2004, ingawa wengi wao hawakughushi chochote. Sisi hatumtetei mwenye kughushi, maana cheti cha uongo ni wizi wa nafasi ya mwenzako. Hata hivyo twauliza: ni wangapi kati ya hao waliopata kuambiwa kwamba iko njia ya halali?

Njia hiyo ipo, tena imenyooka. Mtu aliyeishia elimu ya msingi hujiandikisha kufanya Mtihani wa Maarifa unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao wengi huuita QT. Akifaulu, hupata ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 ikiwa tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere na kupewa sheria yake yenyewe mwaka 1975, huyafundisha masomo hayo kwa hatua mbili: ya kwanza ni ya kidato cha kwanza na cha pili, na ya pili ni ya kidato cha tatu na cha nne. Cheti apatacho mtu huyu hutolewa na Baraza lile lile, kwa mtihani ule ule, kama cha kijana aliyekaa bwenini miaka minne. Hakuna mwajiri mwenye haki ya kukidharau.

Basi taabu iko wapi? Taabu iko mlangoni. Katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 5, haja ya masomo ya jioni ni kubwa kuliko vyumba vilivyopo, na palipo na haja hapakosi mwenye tamaa. Mtu hukodi fremu ya duka, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba anafundisha QT, akapokea ada za miezi mitatu, asiwe na usajili wala mwalimu mwenye sifa. Mfanyakazi husoma kwa uaminifu mwaka mzima. Ukifika wakati wa mtihani ndipo anapotambua kuwa kituo hakikumwandikisha, na usajili wa Baraza ulikwisha kufungwa miezi mingi nyuma. Fedha imekwenda, na mwaka nao umekwenda, usiorudi. Wengi hukata tamaa hapo hapo, wakaamini kwamba kichwa chao ndicho kizito, kumbe waliibiwa.

Upande wa watoto hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 hairuhusu mtu kufungua shule bila kibali na usajili, na inataka mwalimu awe amesajiliwa au awe na leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka masharti ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Lakini mwenye darasa la mtaani akiulizwa na afisa elimu husema yeye hana shule, anawasaidia tu watoto wa jirani. Akiulizwa na afisa ustawi wa jamii husema yeye halei watoto wachanga, anafundisha hesabu. Hivyo hupita katikati ya sheria mbili kama panya apitavyo kati ya magunia. Watoto arobaini hukaa katika chumba chenye mlango mmoja, dirisha la nondo, choo cha wapangaji, na hakuna mtu mwingine mzima wa kuona yatendekayo. Mzazi anayemwacha mtoto wake humo hafanyi hivyo kwa kupenda. Zamu yake huisha saa moja usiku, na daladala ya Mbagala haimsubiri mtu.

Wako wasemao kwamba leseni zitawaua walimu maskini na kuwaacha matajiri peke yao. Hoja hii tunaiheshimu, kwani twaijua mizunguko ya ofisi zetu. Leseni ikiwa ni safari ya miezi minane na mihuri kumi na miwili, basi kweli itamshinda mwalimu mwema, na mjanja ataendelea gizani. Kwa hiyo twasema leseni iwe nyepesi kupatikana na nzito kuvunjwa. Masharti yawe machache na yaeleweke kwa Kiswahili: mwalimu anayejulikana, idadi ya watoto inayolingana na chumba, mlango wa pili, choo safi, saa ya kufunga, na jina la mwenye dhamana libandikwe mlangoni. Halmashauri za jiji ziyatolee kibali katika kata, pasipo gharama ya kumtisha mtu. Kisha wathibiti ubora wapite kweli, tena jioni, wakati madarasa yakiwa na watu. Na kila kituo cha QT kibandike mahali pa wazi usajili wake.

Waajiri nao wana deni. Agizo la Waziri Mkuu la mwaka 1973 lilivitaka viwanda na ofisi kutenga sehemu ya muda wa kazi kwa elimu ya wafanyakazi. Leo ziko kampuni zinazomdai mlinzi saa kumi na mbili kila siku, kisha zikamlaumu kwamba hataki kujiendeleza. Vyama vya wafanyakazi visisahau jambo hili vinapokaa mezani kuzungumza mikataba ya hali bora: saa chache za ruhusa kwa anayejiandaa kwa mtihani hazitamfilisi mwajiri yeyote.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani hadi kidato cha nne. Tangu Novemba 2021 Serikali imefungua tena mlango wa shule kwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito. Haya ni mema, nasi twayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini taifa linaloamua kwamba mtoto asipungukiwe na miaka kumi ya elimu haliwezi kumwambia baba yake kwamba saba zilimtosha.

Kazi ya mwanachama katika jambo hili haihitaji kungoja waraka kutoka juu. Katibu wa tawi ayajue madarasa yote ya jioni yaliyo katika eneo lake. Balozi wa shina aulize mlangoni: nani mwalimu hapa, na kibali kiko wapi? Ofisi ya tawi ambayo hufungwa saa kumi jioni ifunguliwe, iwashwe taa, wapewe wanaosoma. Na wewe, ndugu mfanyakazi, kabla hujatoa shilingi yako, taka risiti, taka kuonyeshwa usajili, na usajili wa mtihani ukianza mapema mwakani, fuata mwenyewe mpaka ushike namba yako ya mtahiniwa mkononi. Mtihani ni wa Novemba, lakini anayengoja Novemba amekwisha chelewa.