Minara ya udongo ya Bahla: kwa nini saruji siyo dawa

Mshkaji wangu mmoja aliniuliza: ngome ya kale ikibomoka si unachukua saruji unaziba, kazi imekwisha? Hapana bwana. Ngojeni niwape kisa cha Bahla, kule Oman.

Ngome hii ilistawi chini ya Banu Nabhan, waliotamba eneo hilo tangu karne ya 12 mpaka mwisho wa karne ya 15. Jina si geni kwetu, maana hata masultani wa Pate, kule Lamu, waliitwa Nabahani. Misingi yake ni mawe, lakini kuta na minara ni matofali ya udongo yasiyochomwa, na vimesimama juu kabisa kuliko mitende inayoizunguka.

Mwaka 1987 UNESCO waliitangaza Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata tu ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kila mvua zikipita kipande cha ukuta kinaanguka. Ukarabati ukaanza, ila mwanzoni vilitumika vifaa visivyofaa. Kuanzia 1995 wakarudi kwenye udongo wa hapo hapo, wakaweka na njia za kutolea maji.

Kwa nini udongo? Ukuta wa udongo unapumua: unanyonya unyevu, kisha unautoa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanaingia kwenye nyufa na kukosa pa kutokea. Ndani unalainika, nje unaonekana mzuri tu. Nimeyaona haya kwa bibi yangu kijijini. Plasta ilivimba, masika ikaporomoka pamoja na ukuta wa chumba chake. Bahati alikuwa shambani.

Halafu kuna kuchimba. Kifusi chini ya mnara hakizolewi kwa koleo na toroli tu. Kinaondolewa tabaka kwa tabaka, maana ndicho kinachoonyesha ukuta ulipita wapi na ulikuwa mnene kiasi gani. Ukikizoa ovyo, utajenga mnara wa kubuni.

Bahla ilitoka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na 2012 ikafunguliwa tena kwa wageni. Ni kazi ya miaka mingi, na haijaisha, maana udongo unataka kutazamwa kila baada ya mvua.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa nyumba za zamani, kabla hamjaita fundi, ulizeni kwanza: ukuta huu umejengwa kwa kitu gani? Mnaonaje, wadau?