Msaidizi wa miaka 30 aliyekabidhiwa timu akiwa na umri wa miaka 60

KATIKA ligi zetu za ukanda huu, kocha msaidizi hukabidhiwa timu siku bosi wake anapotimuliwa. Huitwa kaimu, huongoza mechi tatu au nne, kisha uongozi humleta mgeni, naye hurudi kwenye kiti chake cha zamani au hufungasha virago. Kwa sababu hiyo, habari ya Bill Guthridge wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, inawafaa hata wasomaji ambao mpira wa kikapu hawaufuatilii.

Guthridge alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Parsons, jimbo la Kansas. Alicheza kikapu chuoni Kansas State, akawa msaidizi hapohapo, na mwaka 1967 akaitwa North Carolina na Dean Smith, naye mzaliwa wa Kansas. Alikaa pembeni ya Smith kwa miaka 30.

Ikumbukwe kwamba Marekani timu za vyuo si za kupitisha muda baada ya masomo. North Carolina huchezea ukumbi unaochukua watazamaji zaidi ya 20,000, na mechi zake huonyeshwa na televisheni nchi nzima. Katika miaka hiyo 30 timu ilitwaa ubingwa wa taifa mara mbili, mwaka 1982 ikiwa na kijana Michael Jordan, na tena mwaka 1993. Smith na Guthridge waliongoza pia benchi la Marekani lililotwaa dhahabu ya Olimpiki Montreal mwaka 1976, michezo ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika. Sifa zilikwenda kwa Smith. Guthridge alijulikana kwa kuwanoa wachezaji warefu wanaocheza chini ya kikapu, kazi ambayo shabiki wa jukwaani haioni.

Alipata nafasi ya kuondoka. Mwaka 1978 alikubali kazi ya kocha mkuu katika chuo cha Penn State. Alikwishafika uwanja wa ndege, safari ya kwenda kutambulishwa, akabadili mawazo na kurudi kwa bosi wake. Wengi wangemwona mjinga. Miaka 19 zaidi ilipita akiwa namba mbili.

Oktoba 9, 1997, Smith alitangaza kustaafu akiwa na ushindi wa mechi 879, rekodi ya wakati huo. Siku hiyo haikuwa ya bahati mbaya. Mazoezi ya msimu mpya yalikuwa karibu kuanza, na chuo hakikuwa na muda wa kutafuta mtu wa nje. Mzee alikuwa amempangia msaidizi wake mlango wa kuingilia.

Urithi wenyewe ulikuwa mzito. Fikiria kufundisha katika ukumbi ulioitwa kwa jina la bosi wako angali hai. Guthridge alikuta wachezaji sita wanaostahili kuanza, wakati nafasi ni tano. Walikuwemo Antawn Jamison, Vince Carter, Makhtar N'Diaye wa Senegal na Ademola Okulaja, Mjerumani aliyezaliwa Lagos. Kocha mgeni mwenye hofu angechagua watano na kuzua manung'uniko. Yeye aliwaanzisha kwa zamu, kila mmoja akijua lini ataanzia benchi. Timu ilishinda mechi 34 na kupoteza nne, ikafika nne bora na kufungwa na Utah 65-59. Guthridge akatajwa kocha bora wa mwaka.

Mtu anaweza kusema kwamba ile ilikuwa timu ya Smith. Hoja hiyo ina uzito. Jamison na Carter walipokwenda NBA, msimu uliofuata North Carolina ilitolewa raundi ya kwanza na Weber State, chuo kidogo, kwa 76-74. Msimu wa 2000 ulikuwa mgumu zaidi. Iliingia mashindano ya taifa ikiwa imefungwa mechi 13, kiasi ambacho mashabiki wake hawakukizoea, na ikapangwa nafasi ya nane katika kundi lake la timu 16. Huko ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Iliitoa Missouri, ikaitoa Stanford iliyopangwa ya kwanza, kisha Tennessee na Tulsa, ikasimamishwa na Florida katika nne bora. Kwa maoni yangu, safari hiyo inamweleza Guthridge kuliko ushindi 34 wa mwaka wa kwanza.

Juni 30, 2000 alistaafu kwa hiari yake. Misimu mitatu, ushindi 80, vipigo 28, nne bora mara mbili. Nafasi yake ilikwenda kwa Matt Doherty, aliyekuja kutoka chuo cha Notre Dame, na katika msimu wake wa pili North Carolina ilishinda mechi nane tu na kupoteza 20.

Mwaka 2021 chuo kilirudi tena kwenye benchi lake. Hubert Davis, aliyewahi kufundishwa na Smith na Guthridge akiwa mchezaji, alipandishwa kutoka usaidizi na mwaka wake wa kwanza akafika fainali, akifungwa na Kansas 72-69. Guthridge hakuiona mechi hiyo. Alifariki Mei 12, 2015, miezi mitatu baada ya Dean Smith.