Wiski ya miaka mingi: onja kabla hujalipa

Chupa moja ya single malt ya Scotland iliyokaa pipani miaka 30 inaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki mpya. Mfanyabiashara anayeinunua ili aiuze tena inampasa ajue analipia nini.

Single malt ni wiski ya kimea cha shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja. Umri ulioandikwa ni wa ile changa kuliko zote zilizomo, na huhesabiwa pipani tu. Chupa ya miaka 12 uliyoiweka stoo miaka 18 bado ni ya miaka 12.

Bei inapandishwa na uhaba. Pipa la mwaloni hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza, hasara ambayo wenyewe huiita fungu la malaika. Baada ya miaka 30 karibu nusu imekwenda. Ukali nao hushuka, na ukipungua chini ya asilimia 40 kisheria hiyo si wiski tena. Pipa la Glenlivet lililojazwa mwaka 1940, ambalo kampuni ya Gordon & MacPhail ililifungua mwaka 2020, lilitoa chupa 250 tu.

Kuionja, tumia glasi ndogo yenye mdomo mwembamba, bila barafu. Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo. Ya zamani hutoa harufu ya nta, matunda makavu na mbao kuukuu. Moshi, kama ulikuwapo, huwa umefifia. Kisha onja kidogo sana, uiache ulimini. Ongeza matone mawili ya maji, uonje tena. Ikikausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, basi imekaa pipani mno. Miaka mingi si lazima iwe utamu. Rangi usiitegemee kabisa, maana sheria inaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa.

Tangu Novemba 2012, single malt ya Scotland lazima itiwe kwenye chupa hukohuko Scotland. Anayekuletea "single malt" kwenye dumu au pipa, hata karatasi zake ziwe safi vipi, hauzi single malt.

Kwa wasafirishaji: chupa zisimame wima, tofauti na mvinyo, kwani kileo kikali hula kizibo. Zikingwe na jua, na kabla ya kupokea mzigo linganisha kiwango cha wiski shingoni mwa kila chupa. Iliyopungua kuliko wenzake, iandike kwenye hati ya mzigo hapohapo mbele ya mwenye mali.