Kemia ya chuo kingine: Mzazi, uliza kabla ya kutuma ada

Simu inaita kutoka Marekani: "Mama, likizo hii nataka nisome kemia chuo cha jamii. Ada yake ni nafuu."

Kwa kijana anayetaka udaktari, wazo hilo si baya. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi hutaka mwombaji awe amesoma baiolojia, kemia na fizikia, pamoja na maabara.

Tatizo ni alama. Chuo chake kinaweza kulipokea somo bila kuingiza alama kwenye wastani, naye akadhani ile D imefutika. Haijafutika. AMCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na shule nyingi za udaktari nchini humo, hutaka matokeo ya kila chuo alichopitia, na alama hizo huhesabiwa.

Kabla ya kutuma fedha, muulize mambo matatu. Chuo chake kimelikubali somo hilo kwa maandishi? Lina maabara? Shule anazolenga zinapokea masomo ya chuo cha jamii? Baadhi hupendelea ya vyuo vya miaka minne.

Kama hana majibu, subirini kwanza. Somo likikataliwa, ada italipwa mara mbili.