Mvula, lutuku na siku ya kuzaliwa: maneno ya Septemba huko Kasongo na Kabambare

Somo la Kifaransa humfundisha mtoto wa Kasongo kwamba mwaka una majira manne. Mwaka wa masomo nchini Kongo huanza mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo jira la kwanza analokutana nalo mara nyingi ni automne: majani ya manjano yanaanguka, watu wanavaa sweta, jua linafifia. Nje ya darasa mambo ni kinyume. Kiangazi kilichoanza karibu na Juni kinakwisha, vumbi linalala, mashamba ya mpunga yanangoja mbegu, na mwalimu hupaza sauti ili ishinde kelele za mvua juu ya mabati.

Mwalimu akitaka kulieleza neno hilo kwa Kiswahili, kamusi humpa "vuli", au maelezo marefu kuhusu kupukutika kwa majani. Vuli ni neno zuri, lakini ni la pwani. Ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zinazokuja pepo zinapogeuka baharini, na maana yake hukamilika mbele ya masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei. Mtu wa Maniema ya kusini hana sababu ya kuutenga msimu huo. Yeye ana kipwa, wakati wa ukavu, na ana masika, wakati wa mvua, na Septemba ni mlango kati ya hizo mbili. Ukienda kusini zaidi, kwenye misitu ya miombo ya Katanga, utaona majani mekundu mwezi huohuo, ila hayo ni majani machanga yanayochipua kabla ya mvua. Wekundu ambao kitabu cha Kifaransa kinauita uzee wa mti, huko ni utoto wake.

David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare ya leo, tarehe 21 Septemba 1869, na mwaka uliofuata alikwama hapo kwa miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeshaanza kuingia Maniema pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Kasongo ikawa makao makuu ya Tippu Tip, mpaka jeshi la Dhanis lilipoiteka Aprili 1893. Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kuhusu maghala yaliyojaa mpunga, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa na mapera. Wafuasi wa Waarabu na Waswahili walijiita waungwana, na kutokana na jina hilo lugha yao ikaitwa Kingwana. Mahali ilipokutana na lugha za wenyeji, kama Kibangubangu cha Kabambare (D27 katika orodha ya Guthrie, na Meeussen alikiandikia muhtasari wa sarufi mwaka 1954), Kingwana kilipata sura ambayo wengi wetu tumezoea kuiita "Kiswahili kibovu".

Ushahidi unaotolewa kwanza dhidi yake ni sauti /l/. Mtu wa Kasongo husema mvula, njala, kuzala. Msikilizaji kutoka Dar es Salaam au Mombasa huchukulia kwamba /l/ imechomekwa. Ukweli ni kwamba sauti hiyo ilikuwepo tangu lugha mama ya Kibantu, na ni Kiswahili cha pwani kilichoiangusha kati ya irabu katika maneno mengi. Kama Kingwana kiliihifadhi au kiliirudishiwa na lugha jirani, hayo tunaweza kuyajadili neno kwa neno. Ila kusema kimeiongeza ni kusoma historia kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Na /l/ haikutoweka kabisa hata kwenye sanifu. Imejificha ndani ya minyambuliko. Tunasema kuzaa, lakini kuzaliwa. Kukaa, lakini kukalia. Kufungua, lakini kufunguliwa. Angalia basi maneno tunayoyaandika kwenye kadi na kwenye keki: "siku ya kuzaliwa". Sauti ileile tunayomcheka nayo Mkasongo anaposema "kuzala" tunaitamka sisi wenyewe kila mwaka, tukipiga makofi. Mzaliwa na mzalendo nao wanaibeba.

Jina la sherehe yenyewe ni habari nyingine. Mjini Kasongo vijana husema aniverseri, wimbo huimbwa kwa Kifaransa, na mezani huwekwa sukre, yaani soda, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya "-enye sukari". Kama ilivyo katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, na Kenya pia, mwenye siku yake ajihadhari, kwa maana anaweza kumwagiwa ndoo ya maji bila kutarajia. Mambo haya ni mapya kiasi. Lakini wazo la kusherehekea kuzaliwa si geni hata kidogo katika mji huu, ambao ni kitovu cha zamani cha Uislamu nchini. Maulidi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuzaliwa tu: mzizi ni w-l-d, ule wa neno "walad", mtoto. Wakatoliki wa mji huohuo husherehekea Noeli, jina lililotoka kwa Wafaransa, ambao walilipata kutoka Kilatini natalis, "-a kuzaliwa". Majirani wawili wa dini mbili wana neno moja kwa tafsiri mbili, kila mmoja akilitumia kwa mtu mmoja tu. Mtoto wa nyumbani alipohitaji siku yake, maneno yote mawili yalikuwa yameshachukuliwa, na aniverseri ikapata nafasi.

Kwenye mkate mambo ni magumu zaidi. Ngano hailimwi katika nyanda hizi. Unga wake husafirishwa kutoka mbali kwa barabara ambazo mvua za Septemba huzigeuza tope, na bei hupanda pamoja na tope hilo. Ndiyo maana mwokaji au mpika mandazi mara nyingine huongeza unga wa muhogo, na siku ya sherehe yaweza kupita na kikapu cha mandazi bila keki yoyote. Neno mukate, lenye mu- kamili ya Kingwana, ni mkate wa kawaida. Likifika Kinshasa hubadilika: kwa Kilingala, mikate ni vidonge vya unga vilivyokaangwa kwenye mafuta, na mkate wa tanuri ni limpa, wingi mampa. Mfanyabiashara wa Kasongo akiagiza mukate sokoni Kinshasa ataletewa kitu ambacho nyumbani kwao ni cha jamii ya mandazi. Kamusi ya lugha za taifa itakayoandika "mikate = mikate" itakuwa imesema kweli na kumlisha mtu chakula asichokiomba.

Sasa kinywaji. Wale wasionywa, na Kasongo ni wengi, wanaweza kusoma aya hizi kama isimu tupu.

Pombe kali ya kienyeji katika sehemu hii ya nchi ni lutuku. Muhogo uliochachushwa huchanganywa na mahindi yaliyooteshwa, maana mbegu inapochipua huwa na vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na chachu huigeuza sukari kuwa kileo. Kisha mchanganyiko huchemshwa kwenye pipa, mvuke hupita kwenye mrija uliopozwa kwa maji na kudondoka upande wa pili. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kabla ya maji, na ufundi wote umo katika tofauti hiyo. Kilingala huiita lotoko. Tofauti ya lu- na lo- si ya bahati: ni kiambishi cha ngeli ya 11, kilekile kinachofanya ulimi wa Kiswahili uwe ludimi kwa Kiluba na lolemo kwa Kilingala. Sanifu ingekuwa imelipokea neno hili kwa njia yake ya kawaida, leo lingekuwa "utuku".

Wiski ya dukani ni binamu wa lutuku, ingawa bei inawatenganisha. Nafaka iliyooteshwa, chachu, chungu, mvuke: hatua ni zilezile, ila wiski hulazwa miaka kadhaa kwenye mapipa ya mbao. Jina lake limetoka kwa Kigaeli, uisge beatha, "maji ya uhai", ambayo nayo ni tafsiri ya Kilatini aqua vitae. Wafaransa walitafsiri vilevile, eau-de-vie. Waairishi huandika whiskey na Waskoti whisky, na Kiswahili hakina haja ya kuingia katika ugomvi huo. Waarabu walichagua picha nyingine: araki ni jasho, kwa sababu ya matone yanayojitokeza kwenye mrija. Na neno alkoholi limepitia Ulaya kutoka al-kuhl, yaani wanja, unga laini wa kupaka macho. Maana ilitanuka kutoka unga uliosafishwa hadi kitu chochote kilichosafishwa, kisha ikatulia kwenye chupa.

Araki inatusaidia kumaliza ubishi mmoja ninaousikia mara kwa mara katika vyumba vya mihadhara, kuhusu waragi ya Uganda. Masimulizi maarufu yanasema ni maneno mawili ya Kiingereza, war na gin, jini ya vita. Yanapendeza, na nadhani ndiyo sababu yanaishi. Lakini Kiarabu cha Sudani hutamka qaf kama /g/, na pombe kali ya huko huitwa aragi. Askari Wasudani walioletwa Uganda na Lugard mwaka 1891 walikuja na Kiarabu chao. Hatuhitaji vita wala jini. Tunahitaji /w/ moja tu mwanzoni.

Kasongo haikupata neno hilo kwa njia hiyo. Iliingia katika ukanda ambao Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 uliufungia biashara ya pombe kali, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na utawala wa Wabelgiji uliendelea kuwazuia Waafrika. Kwa hiyo lutuku ilikua kwa kujificha. Divai, kwa upande wake, iliingia mchana kweupe kupitia altare. Neno lake limebeba kipande cha sarufi ya Kifaransa, du vin, kama lopitalo ya Kilingala ilivyobeba l' ya l'hôpital.

Kuna rekodi moja ya kuzaliwa iliyo kongwe kuliko cheti cha serikali, nayo ni jina. Kwenye karatasi za wazee wengi wa Kongo tarehe huandikwa "né vers", amezaliwa karibu na mwaka fulani. Jina huwa na uhakika zaidi. Hamisi ni wa Alhamisi, Juma ni wa Ijumaa, Rajabu, Shabani na Ramazani ni wa miezi yao, na Mwamvua ni mtoto wa mvua. Hapo kuna jambo la kutazama: watu wanaosema mvula humwita binti yao Mwamvua, bila /l/. Jina lilisafiri likiwa zima kutoka pwani, na kanuni ya mahali halikuifuata. Dini pia hazikuligusa. Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea urais wa mwaka 2018, anabeba ubatizo na mwezi wa mfungo katika jina moja.

Ila miezi hiyo ni ya mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mwaka 2023, 2024 na 2025 Maulidi iliangukia Septemba, mvua zikianza, na mtoto aliyezaliwa siku hizo angeweza kuitwa Maulidi au Mwamvua bila mtu kubisha. Mwaka 2026 inaingia mwishoni mwa Agosti. Miaka michache baadaye itakuwa katikati ya kipwa, na majina hayo mawili hayataweza tena kugombea mtoto mmoja.